Sura ya Tisa: Mkwaruzo na Jua la Jioni

Mkwaruzo wa kioo cha mbele haujionyeshi saa sita mchana. Jua likiwa utosini, dereva hutazama barabara bila hata kuuona, na akiuona huuhesabu kuwa kasoro ya sura ya gari tu, jambo la kushughulikia siku pesa itakapopatikana. Ngoja saa kumi na moja jioni ipite. Mwanga ukianza kuingia kwa mlalo, kila mstari uliochorwa na waipa huwaka, na mbele ya macho hutandazwa utaji mweupe. Nyuma ya utaji huo kuna bodaboda, kuna mtoto anayevuka, kuna trela lililoharibika na kuachwa nusu barabarani.

Katika Busoga na nchi ya Mbale, mashariki mwa Uganda, jambo hili lina uzito wake maalumu. Jinja haijafika hata nusu digrii kaskazini mwa ikweta. Kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu na mashariki yenyewe na kuzama karibu na magharibi yenyewe, na barabara kuu nayo imelala hivyo hivyo. Anayetoka Kampala alfajiri kuelekea Jinja na Iganga hulipokea jua usoni. Anayerudi Kampala jioni hulipokea tena usoni. Katikati ya safari kuna msitu wa Mabira, ambako miti hukata mwanga vipande vipande: giza, mwali, giza, mwali. Jicho haliwahi kuzoea kimoja kabla ya kingine kufika, na kioo chenye mikwaruzo huugeuza kila mwali kuwa upofu wa muda mfupi. Usiku zamu hiyo huchukuliwa na taa za malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba na Busia.

Ndiyo maana swali linaloulizwa katika gereji za Kimaka, kule Jinja kwenye kiwanja cha ndege na chuo cha makamanda wa jeshi, si swali la urembo: "Fundi, tukisugue au tukibadilishe?" Anayeuliza anaweza kuwa mwalimu mwenye gari dogo lililotoka Japani, dereva wa takisi ya abiria kumi na wanne, au afande aliyevaa kiraia siku ya mapumziko. Mara nyingi jibu analopewa hutegemea kile ambacho fundi anacho siku hiyo. Mwenye unga wa kusugulia atashauri kusugua, na mwenye kioo stoo atashauri kubadilisha. Sura hii inampa mwenye gari njia ya kulijibu mwenyewe kabla hajafika gereji. Urefu wa mkwaruzo haumwambii kitu, wala thamani ya gari. Kinachoamua ni kina cha mkwaruzo, mahali ulipo, na unavyoutenda mwanga.

Kioo kilivyojengwa

Mwaka 1903, katika maabara moja Ufaransa, mkemia Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya kioo. Ilipasuka, lakini vipande havikutawanyika. Ndani yake kulikuwa kumekaukia selulosi nitrati, aina ya plastiki ya wakati ule, na ngozi yake nyembamba ilikuwa imeshika vigae vyote pamoja. Mwaka 1909 alijipatia hataza ya kioo cha tabaka: kioo, plastiki, kioo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia kioo hicho kilitumika kwenye macho ya barakoa za kukinga gesi ya sumu kabla hakijaenea kwenye magari. Plastiki ya mwanzo ilikuwa na ila yake, kwani jua liliigeuza manjano. Miaka ya 1930 ilipatikana plastiki nyingine, polivinili butirali, ambayo ndiyo iliyomo hadi leo.

Kioo cha mbele cha gari dogo la sasa, basi, ni mabamba mawili ya kioo yenye unene wa milimita mbili hivi kila moja, na katikati yake utando wa plastiki ambao kwa kawaida una milimita 0.76. Jiwe likikipiga, bamba la nje hupasuka na plastiki huzuia. Abiria akirushwa mbele, kioo hunyumbuka kikamshika. Katika magari mengi ya kisasa kioo hiki kimegundishwa kwenye bodi, nacho husaidia kubeba paa gari linapobingirika, na mfuko wa hewa wa abiria wa mbele hukiegemea unapofumuka.

Vioo vya milango ni jamii nyingine. Mara nyingi hivyo ni bamba moja lililopashwa moto na kupozwa ghafla ili likaze, na likivunjika humwagika kwa punje ndogo. Ushauri wa sura hii usihamishiwe huko.

Kutokana na ujenzi huo tunapata hesabu ya kwanza: mkwaruzo uko kwenye bamba la nje, na bamba hilo lina milimita mbili tu. Kila anayelisugua analipunguza.

Kinachokwaruza

Mtaalamu wa madini Friedrich Mohs, mwaka 1812, aliyapanga madini kwa ugumu wake kutoka moja hadi kumi. Kioo cha kawaida kiko kwenye tano na nusu hivi. Kwatsi, punje ngumu iliyomo katika mchanga mwingi wa duniani, iko kwenye saba. Vumbi jekundu la maramu linalopanda kwenye barabara za vijijini Kamuli, Namutumba na Budaka lina punje hizo. Maji peke yake hayakwaruzi kioo, na raba peke yake haikwaruzi. Raba inayoburuta mchanga ndiyo inayokwaruza.

Wakati mbaya kuliko wote ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Kuanzia Desemba hadi Februari vumbi hujilaza kwenye kioo na raba za waipa hukaushwa na jua hadi zikakakamaa. Manyunyu ya mwanzo yakidondoka, dereva huwasha waipa kabla maji hayajatosha kuondoa chochote. Kupita mara chache tu namna hiyo kunaweza kuchora mistari ya nusu duara ambayo haitoki tena.

Wanaokaa karibu na Ziwa Nyanza (Victoria) wana adui wa pili. Vijidudu vya ziwani huinuka kwa mawingu juu ya maji, na gari likipita katikati yao kioo hutapakaa uji wa kijivu. Uji huo ukikauka hunata na kushika vumbi. Anayewasha waipa juu yake anasugua kioo kwa msasa aliojitengenezea mwenyewe. Anayesimama, akamwaga maji, akasubiri ulainike, kisha akapangusa kwa kitambaa safi, ataendelea kuwa na kioo kizima.

Adui wa tatu yumo gerejini humo humo. Fundi wa kuchomelea anapotumia grenda karibu na gari, cheche zinazoruka ni chembe za chuma cha moto. Zikitua kwenye kioo huyeyusha mahali padogo na kuzama. Baadaye zinashika kutu, na kioo huonekana kimenyunyiziwa vitone vya kahawia visivyotoka kwa sabuni. Gereji zetu nyingi hufanya kazi zote kwenye uwanja mmoja, kwa hiyo gari lililoletwa kubadilishwa oili linaweza kuondoka na kioo kilichoungua. Kabla ya kumwachia makanika funguo, angalia nani anachomelea upande upepo unakotoka, na omba turubai kama hakuna pengine pa kuegesha.

Wa nne ni raba iliyokatika. Raba ikiachia, chuma cha mkono wa waipa huburuta moja kwa moja, na mkwaruzo wake huwa wa kina kuliko yote. Wa tano ni kitambaa kilichoanguka chini, kikaokotwa, kikakung'utwa mara moja na kurudishwa kwenye kioo.

Vipimo vitatu

Osha kioo kwa maji mengi, kikaushe, kisha fanya vipimo hivi kwa utaratibu.

Kwanza, ukucha. Upitishe polepole kukata mkwaruzo. Ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo ni wa juu juu na unaweza kusuguliwa. Ukikwama, mkwaruzo ni mfereji, na kuuondoa kunahitaji kuteremsha uso wote unaouzunguka hadi ufikie kina chake.

Pili, mwanga. Egesha gari likielekea jua la jioni, au usiku mwombe mtu asimame mbele, hatua kadhaa, akiwa na tochi kali. Keti kwenye kiti cha dereva kwa mkao wako wa kila siku. Usitafute mkwaruzo. Tafuta kitu kilicho nyuma yake: nguzo, mtu, shimo. Kama kitu hicho kinapotea kwenye mng'ao, kioo kimeshindwa, hata kama ukucha uliteleza. Mikwaruzo midogo mingi iliyosambaa kama ukungu huwa na hatari zaidi kuliko mmoja mrefu unaoonekana wazi.

Tatu, mahali. Katika ukaguzi wa kila mwaka wa magari wa Uingereza, eneo linalochungwa zaidi ni ukanda wa wima wenye upana wa milimita 290 mbele ya usukani. Ndani ya ukanda huo dosari inayozidi milimita 10 inaliangusha gari. Kwingineko ndani ya eneo linalofagiwa na waipa, kikomo ni milimita 40. Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini kipimo chake kinafaa popote penye macho na barabara. Kata karatasi yenye upana huo, ibandike kwa ndani ikikabili katikati ya usukani, nawe utajua papo hapo kama dosari yako iko kwenye eneo la hatari au iko upande wa abiria ambako inaweza kuvumiliwa.

Ukucha ukiteleza na mng'ao ukiwa mdogo, sugua au acha. Ukucha ukikwama lakini mkwaruzo uko pembeni, acha. Ukucha ukikwama ndani ya ukanda wa dereva, au tochi ikikupofusha, badilisha.

Kusugua na mipaka yake

Dawa halisi ya kung'arisha kioo ni oksidi ya seri, unga laini uliozoeleka katika kazi za lenzi na vioo. Huchanganywa na maji hadi kuwa uji mzito, ukapakwa kwenye pedi ya sufi iliyofungwa kwenye mashine ya mzunguko wa polepole. Unga huu hula kioo kidogo kidogo, kwa msuguano na kwa mmenyuko wa kikemia pia, na huuacha uso uking'aa.

Kazi hiyo inataka uvumilivu na maji. Pedi ikikauka, kioo hupata joto mahali pamoja na kinaweza kupasuka. Fundi mzuri hufunika boneti na dashibodi, huchora alama kwa ndani kuonyesha mkwaruzo ulipo, huhamisha mashine bila kusimama, na kila baada ya muda hugusa kioo kwa kiganja kuona joto lake. Ukimwona fundi anabana grenda ya kukatia chuma yenye pedi kavu, chukua funguo zako.

Hatari kubwa zaidi haionekani siku ile ile. Mkwaruzo wa kina ukisuguliwa mahali pamoja, panabaki bonde pana lisiloonekana kwa jicho, na bonde kwenye kioo ni lenzi. Mkwaruzo umetoweka, kioo kinameta, mteja analipa kwa furaha. Akishika barabara anaona mistari ya katikati inajikunja na trela linalokuja linabadilika umbo kila anaposogeza kichwa. Baada ya saa mbili za kwenda Mbale kichwa kinauma na hajui kwa nini. Kabla hujalipa, keti ndani, chagua nguzo iliyo wima kwa mbali, sogeza kichwa kushoto na kulia. Nguzo ikicheza, kioo kimeharibiwa.

Kuhusu tiba za nyumbani, dawa ya meno husafisha mafuta na kukifanya kioo kionekane kipya kwa muda. Haiuondoi mkwaruzo wenye kina. Rangi ya kucha isiyo na rangi huujaza mkwaruzo kwa muda, lakini hupindisha mwanga upya na baadaye hubanduka. Majivu, mchanga na waya wa kusugulia sufuria viachwe jikoni.

Kovu la jiwe ni ugonjwa mwingine

Watu huchanganya mkwaruzo na kovu la jiwe. Malori ya miwa ya Kakira na malori ya mizigo hubeba mawe yaliyonaswa kati ya matairi pacha, na mwendo ukipanda jiwe huruka. Pale linapopiga, bamba la nje hupata shimo dogo lenye nyufa kama nyota. Hapa hakuna haja ya kusugua. Fundi mwenye kifaa chake huvuta hewa iliyomo ndani ya ufa, husukuma resini mahali pake, kisha huikausha kwa miale ya urujuanimno. Resini hupitisha mwanga karibu sawa na kioo, hivyo kovu hufifia, na la muhimu zaidi, ufa hautembei tena.

Kazi hiyo inafaa kufanywa mapema. Vumbi na maji vikiingia kwenye ufa, resini haishiki vizuri. Siku hiyo hiyo bandika kipande cha selotepu safi juu ya kovu, usimwagie maji baridi kioo kilichochomwa na jua, usifungulie kiyoyozi kwa nguvu zote, na usibamize mlango madirisha yakiwa yamefungwa. Ufa uliofika ukingoni mwa kioo, au uliopenya hadi bamba la ndani, hauna tiba ya resini.

Kubadilisha, na maswali ya kumuuliza fundi

Ukiamua kubadilisha, jua kwanza kioo chako kimeshikwa na nini. Malori mengi na matakisi ya zamani huwa na kioo kilichovishwa raba pembezoni. Fundi hukitoa kwa kulegeza raba na kukirudisha kwa kamba inayovutwa mle mle kwenye mfereji wa raba. Magari madogo mengi ya sasa hutumia gundi ya yurethani. Hapo mafundi wawili, mmoja ndani na mmoja nje, huvutana waya mwembamba wa chuma kuzunguka kioo hadi gundi ikatike.

Swali la kwanza: gundi gani? Silikoni ya madirisha ya nyumba huzuia mvua, lakini haikijengi kioo kuwa sehemu ya bodi. Siku ya ajali mfuko wa hewa unaweza kukisukuma chote nje. Swali la pili: praima ipo? Chuma kilichochunwa na waya kisipopakwa praima kitaota kutu chini ya gundi, na kutu hiyo utaiona maji yakishaingia kwenye zulia. Swali la tatu: gari linaondoka saa ngapi? Yurethani hukazwa na unyevu wa hewa. Nyingine huhitaji saa moja, nyingine hadi kesho yake, na pakiti yenyewe hueleza. Fundi anayekuruhusu uondoke papo hapo bila kutazama pakiti anabahatisha na maisha yako.

Kisha kitazame kioo chenyewe. Pembeni chini kuna mhuri. Ndani yake tafuta neno la kuonyesha kuwa ni kioo cha tabaka, au tarakimu ya Kirumi II, ambayo katika kanuni za kimataifa husimamia kioo cha tabaka cha kawaida. Herufi E ndani ya duara hufuatwa na namba ya nchi iliyoidhinisha. 43 ni Japani. Kioo kisicho na mhuri wowote kirudishwe. Kioo kilichotolewa kwenye gari jingine kinaweza kuwa bora kuliko kipya cha bei poa, mradi ukifanyie vipimo vile vile vitatu kabla hakijagundishwa. Bei itakayotajwa iulizie pia kwa muuzaji wa pili, na ukiwa na safari ya Kampala, uliza kwa wauza spea wa Kisekka.

Magari yanayoingia sasa yameongeza jambo moja. Tangu mwaka 2018 Uganda imezuia kuingizwa kwa magari yenye umri unaozidi miaka 15, hivyo kila mwaka vizazi vipya zaidi vinafika. Subaru nyingi zenye mfumo wa EyeSight zina kamera mbili nyuma ya kioo, na Toyota nyingi za kuanzia 2015 zina kamera yao. Kamera hizo husoma barabara kupitia kioo. Kioo kikibadilishwa, zinahitaji kupangwa upya kwa vifaa maalumu, la sivyo gari linaweza kufunga breki pasipostahili au lisionye panapostahili. Kwa gari kama hilo, muulize fundi habari ya kamera kabla hajashika waya.

Stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo haitakisaidia kioo hicho. Bima ya mtu wa tatu inawahusu watu unaowadhuru barabarani. Mwenye bima kubwa asome kipengele cha vioo, kwani mara nyingi kina kikomo chake cha fedha, na atoe taarifa kabla ya kioo kung'olewa. Kumbuka pia kuomba stika nyingine. Ya zamani itaondoka na kioo.

Matumizi madogo kuliko yote

Ukijumlisha yote haya, utaona kwamba kioo kilichokuja na gari, kikiwa kizima, ni vigumu kukishinda. Kilikatwa kwa umbo lake, kikagundishwa kiwandani, na hakuna aliyekuna chuma chini yake. Kwa hiyo pesa ya kwanza ya dereva wa Jinja au Mbale iende kwenye raba za waipa. Zibadilishe kabla ya mvua za Machi na tena kabla ya zile za Septemba, hata kama bado zinafuta, kwa sababu jua la ikweta huzikausha gari likiwa limeegeshwa. Zifute ncha zake kwa kitambaa kila unapojaza mafuta. Jaza tangi la maji ya kioo, na uyarushe kabla waipa hazijasogea. Kwenye mahali pa kuoshea magari, mwambie kijana aanze na maji mengi, na umpe kitambaa chako mwenyewe.

Na kama vipimo vimekwisha kukuambia kwamba ukanda wa dereva umeharibika, usisubiri ufa. Kioo hicho hakitapona, na raba mpya haitakirudisha. Mpaka utakapokibadilisha, panga safari ili saa ya jua la mlalo ikukute umefika, na usiku usishike barabara kuu. Weka pesa ya kioo kabla ya pesa ya rimu, redio na vifuniko vya viti. Vitu hivyo vyote vinaweza kungoja mwaka mwingine. Kuona barabara hakungoji.